Viti vya Mbaraki

Mwaka wa arubaini na sita, meli za askari zilipokuwa zikiingia Kilindini wiki baada ya wiki, Ngumbao wa Kombe alishuka na sanduku lake la bati, koti la jeshi lililomkaa vibaya mabegani, na fikira moja ambayo hakuwa amemwambia mtu yeyote. Wenzake njia nzima walizungumza juu ya ng'ombe, mahari na baiskeli. Yeye alikuwa akifikiria viti.

Fikira hiyo aliipata kisiwa cha Seloni, huko Bahari ya Hindi. Kabla ya kupelekwa Burma, kikosi chao kilipiga kambi huko miezi mingi, na siku moja ya mapumziko yeye na rafiki yake Gunga, Mdigo wa Likoni, walitembea mpaka wakatokea pwani ya kijiji ambacho jina lake hawakulijua. Walisimama wakacheka. Minazi ilikuwa ile ile ya kwao. Wagema walikuwa huko juu, ila wa huko hawakushuka mti mmoja ili kupanda mwingine. Walikuwa wamefunga kamba kutoka kilele hadi kilele, wakatembea juu yake kama watu wanaovuka barabara. Chini palikuwa na banda la makuti, na bandani viti vya mbao vimeelekezwa baharini. Mama mmoja mtu mzima aliwaona wamesimama wakishangaa, akafuta viti viwili kwa upindo wa nguo yake, akawaonyesha kwa mkono kwamba wakae. Akawaletea tembo katika bilauri za kioo, akaziweka mezani taratibu, moja baada ya nyingine, kama mtu anayemwandalia mgeni aliyetoka mbali. Walikaa hapo alasiri nzima. Hakuna aliyekuja kuwauliza walikuwa wakifanya nini.

Gunga ndiye aliyelisema. "Ngumbao, kwetu minazi tunayo, tembo tunalo, bahari tunayo. Hebu niambie ni lini ulikaa kwenye kiti ukaitazama."

Ngumbao alipekua kumbukumbu zake zote akakuta hajawahi. Alizaliwa Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, na bahari aliijua kama mahali pa kuvuka na kubeba. Tembo alilijua zaidi, kwani baba yake alikuwa mgema. Lakini waliolinywa walilinywa wamechutama nyuma ya nyumba, au katika kilabu cha mjini ambako watu walisongamana uani, kibuyu kikipita mkono kwa mkono, mpaka saa ifike wafukuzwe. Viti vya kutazama bahari vilikuwako Kizingo, katika klabu ya Wazungu. Mlinzi wa lango lile alikuwa Mwafrika kama yeye, na hakuwa na haja ya kumwambia mtu mara mbili.

Gunga hakurudi. Alikufa Burma wakati wa mvua, si kwa risasi bali kwa homa, juu ya machela, katika bonde ambalo matope yake yalimeza magari. Ngumbao alikuwa ameshika upande mmoja wa machela ile. Hakupenda kulisimulia jambo hilo, na aliporudi Mombasa hakulisimulia. Lakini kabla hata ya kwenda kwa baba yake, alivuka kwenda Likoni kumpa mkono wa tanzia mjane wa Gunga, Mejumaa. Alimkuta kando ya kivuko, amekaa nyuma ya karai lake, akikaanga samaki na mihogo kwa ajili ya wasafiri. Walizungumza kidogo. Mejumaa alimuuliza kama Gunga alizikwa kwa dua, na Ngumbao akamjibu kweli, kwamba walikuwako Waislamu wengine kikosini na walimsomea. Mejumaa akainama akageuza samaki wake. Alipoinua uso alimpa samaki mmoja ndani ya jani la mgomba, naye Ngumbao akala amesimama, kwa sababu hapakuwa na pa kukaa.

Alipata kazi ya kupakua mizigo gatini Kilindini, na Jumapili akawa anatembea ukingo wa kisiwa akitafuta mahali. Alipapata Mbaraki, upande wa bandarini, chini ya mwamba wa matumbawe. Palikuwa na uwanda mdogo, miarobaini miwili, ngazi ya mawe iliyoteremka hadi kwenye mchanga, na nguzo nane zilizoachwa na jeshi, ambalo wakati wa vita liliweka walinzi hapo watazame meli. Ukikaa hapo ulizitazama meli zikiingia mlango wa bandari polepole, na ng'ambo ukaiona Likoni yote. Aliuliza huku na huku akaambiwa kwamba kiwanja ni cha Najmuddin bin Gaffar, Bohora, Mwislamu wa Kihindi, mwenye duka la misumari, kamba na rangi huko Mji wa Kale.

Najmuddin alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, mwenye kofia nyeupe iliyotariziwa kwa uzi wa dhahabu. Alimsikiliza Ngumbao mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo Ngumbao hakulitazamia. Alimwuliza kama nguzo zile zilikuwa zingali imara, na ngazi je, haikuwa imeliwa na maji? Kisha akasema mahali hapo palikuwa pamekaa bure miaka mingi na hakuona ubaya mtu akipatumia.

"Lakini tembo halitauzwa juu ya ardhi yangu," alisema. "Mimi nitaulizwa."

Hakusema ni nani atakayemwuliza, wala hapakuwa na haja. Ngumbao alijaribu kumweleza juu ya Seloni, akajikuta anaeleza bilauri na nguo ya yule mama, maneno yakamwishia. Aliaga akatoka, uso umemwiva.

Siku ya pili alikwenda afisi ya leseni, akidhani labda sheria itakuwa nyepesi kuliko dini. Karani aliyempokea alikuwa mtu wa bara, Seth Ogutu, mrefu, shati lake limepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe. Naye hakumdharau. Alifunga mlango akamwambia wazi kwamba Mwafrika haruhusiwi kuuza tembo popote mjini isipokuwa mahali palipotengwa, na ufukweni hapajatengwa wala hapatatengwa. Akiandika tembo katika ombi lake, karatasi itakaa droo ya chini mpaka ipate ukungu. Akiandika chai na chakula, yeye mwenyewe ataipeleka juu, na katika mwezi mmoja itarudi na mhuri.

Ngumbao alirudi kwa miguu, akapitia Kizingo makusudi. Alisimama kando ya barabara akavitazama viti vya klabu kupitia ua. Siku hiyo vilikuwa vitupu, vyote, na mtumishi mmoja alikuwa akivifuta vumbi. Hasira aliyokuwa nayo ilikuwa ya kumtosha yeye na Gunga. Miaka minne alikuwa amevaa nguo za serikali. Alikuwa ameruhusiwa kuua mtu, lakini hakuruhusiwa kumwekea mtu bilauri mezani. Alifikiri aliache jambo lote. Halafu akafikiri kwamba akiliacha, halitafanywa na mtu, kwa kuwa mtu wa pili aliyekuwa nalo yuko chini ya matope.

Alimwendea Mejumaa, akamweleza yote, Seloni na afisi na duka la misumari. Mejumaa alisikiliza huku anapara samaki.

"Shemeji," alimwambia, "wewe wataka kuuza tembo, au wataka watu wakae?"

 Ngumbao alikaa akaangalia kivuko kikienda na kurudi mara tatu. Mwishowe akamwuliza kama angekubali kuja kukaanga Mbaraki. Mejumaa akasema atakuja kwa sharti moja, asije akaambiwa amshikie mtu kibuyu cha tembo. Gunga alikuwa akinywa, naye alikuwa mkewe, lakini kibuyu hakukigusa hata siku moja.

Lililobaki lilikuwa zito kuliko yote, nalo ni kumwambia mzee. Kombe alikuwa akigema tangu ujana wake. Vifundo vya miguu yake vilikuwa vimekomaa kwa kukumbatia minazi, na hata alipolala vidole vyake vilijikunja kana kwamba vimeshika kotama, kile kisu kipana cha kazi yake. Ngumbao alimkuta amekaa chini ananoa. Alimweleza kwa mzunguko, akianzia nguzo za jeshi na ngazi ya mawe, na Kombe akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika, mpaka maneno yakafika yalikokuwa yakienda.

Jiwe la kunolea likasimama. "Kwa hivyo utauza chai."

"Na madafu, baba. Na samaki."

"Miaka minne nilipanda minazi hii nikiwa peke yangu. Nilijisemea, huyu akirudi atajua la kufanya na tembo langu. Sasa Muhindi amekwambia ni uchafu, na wewe umekubali."

"Hakusema ni uchafu. Alisema ataulizwa."

"Na mimi?" alisema Kombe. "Mimi nani ataniuliza?"

 Alianza kunoa tena, na hakuacha hadi mwanawe alipoondoka. Tangu siku hiyo, kama alimtumia salamu, zilirudi fupi. Na kama alikwenda Kisauni, aliambiwa mzee yuko juu ya mnazi.

Alijenga miezi mitatu, baada ya kazi na Jumapili. Makuti alinunua, boriti mbili alipewa, na viti alivitengeneza mwenyewe kwa mbao za masanduku ya mizigo, kwa kuwa jeshini alijifunza useremala kidogo. Vilikuwa kumi na viwili. Cha kwanza kiliyumba, cha pili kikaumiza mgongo, lakini kuanzia cha tano aliupata mlalo wake, akarudi akavivunja vile vinne vya mwanzo akavifanya upya. Katika mgongo wa kimoja maandishi ya sanduku yalibaki yakisomeka, jina la bandari ya mbali, na hicho ndicho watu walichokipenda baadaye bila kujua kwa nini.

Alifungua Jumamosi ya kwanza ya Oktoba. Saa nane mchana, zamu ilipotoka, waliteremka watu kama thelathini, wengi wao wenzake wa gatini, wamenawa uso na mikono. Walikaa. Walivisifu viti, wakapokezana kuvikalia, wakanyoosha miguu, wakapigana makofi mabegani. Kisha mmoja akaomba tembo, na Ngumbao akaeleza. Kilichofuata hakikuwa ugomvi. Walitazamana tu, wakacheka kidogo, wakanywa kikombe kimoja kimoja cha chai kwa kumwonea huruma, wakaondoka kundi kwa kundi kuelekea kilabu. Kufika Jumatatu mahali pake palikwisha kupata jina gatini kote. Paliitwa Kwa Chai Tupu.

Wiki zile za mwanzo alizikumbuka kwa muda mrefu. Asubuhi alifuta viti kumi na viwili. Jioni alivifuta tena, ingawa havikukaliwa isipokuwa vitatu au vinne. Seth Ogutu alikuja Jumamosi na mkewe Jacinta, wakakaa kimya wakila samaki, Jacinta amevua viatu chini ya meza akidhani haonekani. Walikuja wazee wawili wa hapo Mbaraki, ambao waliagiza dafu moja wakagawana. Samaki wa Mejumaa ndiye aliyeanza kuvuta watu. Alimpaka ndimu, pilipili na kitunguu saumu, akamkaanga hadi ngozi ikavunjika mdomoni, akamwandalia na mchuzi wa ukwaju. Na mtu aliyemla mara moja alirudi, hata kama alirudi akinung'unika kwamba samaki huyu angependeza na kitu kingine zaidi ya chai. Ngumbao aliyasikia manung'uniko hayo akaenda kuongeza maji birikani. Alikuwa ameacha kazi ya gatini. Usiku aliota mara nyingi kwamba viti vimechukuliwa na maji.

Jumamosi moja ya Desemba, alasiri, alikuja mtu aliyeitwa Thoya. Ngumbao alimjua kwa sura. Alikuwa askari wa kikosi kingine, naye alirudi na mguu mmoja mfupi kuliko mwenziwe, kwa hivyo gatini walimpa kazi ya kufagia. Alikaa kiti cha mwisho karibu na ngazi, akaagiza samaki, akala. Kisha akatoa chupa kotini, akaiweka baina ya miguu yake, akawa anainama na kumimina kidogo kidogo katika kikombe cha chai. Harufu ya tembo ilimfikia Ngumbao kabla hajaiona chupa. Ilikuwa harufu ya nyumba yao, ya nguo za baba yake.

Mejumaa naye aliisikia. Aliacha kugeuza samaki akamtazama Ngumbao.

Ngumbao alimwendea Thoya, akainama, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hapa hairuhusiwi, kwamba yeye ametoa neno lake kwa mwenye ardhi. Akamwomba ateremke ngazi, akanywee pale chini mchangani, kisha arudi.

Thoya aliitazama ngazi, halafu mguu wake. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu anayeulizwa jambo alilokwisha kuulizwa mara nyingi.

"Hata hapa," alisema, "nitaambiwa pa kukaa?"

Ngumbao alisimama pale, mkono wake uko juu ya mgongo wa kiti alichokitengeneza mwenyewe. Alitafuta jibu lililokuwa la haki kwa watu wote wawili, yule wa dukani na huyu wa hapa, asilipate. Aliona jinsi alivyosimama, ameinama kidogo, mwenye adabu, akimwonyesha mtu njia ya kutokea. Na akamkumbuka mlinzi wa Kizingo, ambaye pengine naye alikuwa ametoa neno lake kwa mtu. Aliondoa mkono kitini.

"Kaa," alimwambia. Akaenda akaleta bilauri ya kioo, akaiweka mezani, akachukua kile kikombe.

Thoya alikunywa polepole mpaka chupa ikaisha, akazitazama meli, akaaga kwa heshima akaenda zake. Hapakutokea jambo jingine. Lakini Ngumbao siku ile hakuwa na raha. Alipokuwa anafunga, Mejumaa alimuuliza atafanya nini, naye akajibu kwamba atakwenda kusema, kwa sababu akisubiri wengine wamsemee litakuwa jambo jingine.

Jumatatu asubuhi na mapema alifika dukani. Najmuddin alikuwa akipanga misumari katika makopo kwa ukubwa wake. Walisabahiana, wakaulizana hali za nyumbani, na Ngumbao akaja kwenye lake moja kwa moja. Alisema ametoa neno na hakulishika.

"Ulimuuzia?"

"Sikumuuzia. Alikuja nalo."

"Na ulimwona."

"Nilimwona. Nilimwambia ashuke chini. Akaniuliza swali likanishinda, nikampa bilauri."

"Alikuuliza nini?"

Ngumbao alilirudia swali kama lilivyosemwa. Najmuddin aliendelea na misumari yake kwa muda, mmoja huku, mmoja kule. Kisha, bila kuinua macho, alianza kueleza habari ya mama yake, Bibi Amtulla, ambaye alikuwa na ugonjwa wa kifua na tabibu akamwambia apate upepo wa bahari kila jioni. Kabla ya vita alikuwa akimpeleka ufukweni, kwenye benchi lililokuwa hapo. Jioni moja alikuja bwana mmoja na mbwa wake, akasimama mbele yao, hakutukana wala hakupaza sauti, akasema tu kwamba benchi hilo lina watu wake. Mama yake hakujua Kiingereza. Aliuliza yule mtu amesema nini, na yeye Najmuddin akamwambia, amesema upepo umekuwa mkali, twende nyumbani. Tangu siku hiyo mama yake husema upepo wa Mombasa umebadilika.

Alifunga kopo. "Neno lako umelivunja nusu," alisema. "Sijui nusu ni kiasi gani mbele ya Mungu, na sitajifanya najua. Mimi nilikataza kuuza, na nakataza hata leo. Yaliyomo mfukoni mwa mtu, mimi si forodha. Lakini siku mlevi atakapompiga mtu pale, au kumtukana yule mama anayekaanga, nitaichukua ardhi yangu, na hutakuja kunieleza habari ya bilauri."

Ngumbao alishukuru. Njiani alijaribu kufurahi, lakini furaha ilikuja imechanganyika. Alikuwa amezoea jeshini, ambako jambo huwa limekatazwa au limeamriwa. Hili lilikuwa limewekwa mikononi mwake, alibebe mwenyewe kila siku, amtazame kila mtu anayeshuka na kupima. Alimweleza Mejumaa. Mejumaa akasema kwa upande wake atafanya hivi: atakayeweka chupa mezani ataletewa samaki mwisho, baada ya wengine wote. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Watu walilijua sharti hilo wakaliheshimu kuliko sheria ya mji, na wengi waliona heri samaki wa moto.

Mwezi wa Januari wafanyakazi wa mji mzima waligoma. Kilindini palinyamaza, meli zilitia nanga zikangoja, na gati ambalo Ngumbao hakupata kulisikia kimya hata siku moja likawa kimya. Mchana watu walihudhuria mikutano, na baada ya mikutano hawakuwa na mahali pa kwenda, kwa kuwa katika vyumba vyao vya mtaa wa Majengo walilala sita sita kwa zamu. Wakateremka Mbaraki. Viti vilijaa, mchanga ukajaa, ngazi ikajaa, walikaa na kujadili mshahara na posho, walikaa na kunyamaza. Hawakuwa na cha kununulia kitu. Siku ya kwanza Ngumbao alihesabu vikombe vyake akaona chai haitafika jioni. Siku ya pili aliacha kuhesabu, akachemsha maji na majani mpaka yakawa maji ya rangi tu, wakayanywa. Mejumaa alikaanga mihogo badala ya samaki. Hakuna aliyepaita tena Kwa Chai Tupu. Jina lililoshika siku zile lilikuwa Vitini, na lilishika bila mtu kulitia.

Siku ya nne ya mgomo, kabla ya adhuhuri, Ngumbao alimwona mzee akishuka polepole kutoka barabarani, amevuka daraja la Nyali kwa miguu na kisiwa kizima kwa miguu, na mti begani, madafu yamening'inia pande zote mbili. Ilimchukua muda kumtambua, kwani hakupata kumwona baba yake amebeba madafu. Mnazi ukigemwa, lile karara ambalo lingekuwa nazi ndilo linalokatwa ili litoe tembo. Na minazi ya Kombe ilikuwa haijazaa tangu Ngumbao azaliwe.

Alimpokea mzigo. Akayashika madafu, mabichi, mazito, akapiga hesabu kichwani. Miezi saba, labda minane. Baba yake alikuwa ameacha kuigema minazi hiyo mwezi ule ule waliogombana.

"Ni minazi mine tu," alisema Kombe, kama anayejitetea. "Mingine nagema. Sikuacha kazi yangu."

"Sikusema umeacha, baba."

"Nilitaka kuona kama inakumbuka kuzaa."

Vijana watatu waliinuka kwa pamoja kumpisha mzee. Ngumbao alimwelekeza kwenye kile kiti chenye maandishi. Kombe alikaa kwa tahadhari, mikono imeshika pande zote mbili, miguu yake ile iliyopinda haikujua ikae vipi. Alikaa hivyo kidogo, akiitazama bandari na meli zilizosimama bila mtu. Aliuliza ile kubwa imebeba nini. Aliuliza Likoni, anakotoka yule mama aliyekuwa akikaanga, ni upande upi. Kisha akaondoka kitini, akateremka daraja mbili za ngazi, akakaa juu ya jiwe, akapumua.

"Kiti chako kizuri," alisema. "Ila mimi nimezoea kushika kitu kwa miguu."

Ngumbao alikata dafu moja akampa, akakata la pili, akateremka akakaa kando yake. Walikunywa. Mzee alisema maji yake ni matamu, ingawa yanamjaza tumbo. Hakuomba radhi, wala mwanawe hakuomba. Baada ya muda Kombe alianza kumweleza jinsi ya kuchagua dafu kwa kuligonga, akigonga moja baada ya jingine kwa kifundo cha kidole, na Ngumbao akasikiliza, ingawa alilijua hilo tangu utoto.

Mgomo ulikwisha baada ya siku chache, watu wakarudi gatini, meli zikaanza kulia tena. Kombe akawa anakuja kila baada ya majuma mawili na mzigo wake. Na Najmuddin alikuja mara moja, Jumapili alasiri, na Bibi Amtulla ndani ya gari la kukodi. Bibi alikaa kiti cha mbele kabisa, amejifunika shali, akala muhogo kwa mchuzi wa ukwaju, akasema kwa Kiswahili chake cha Mji wa Kale kwamba upepo wa huku umetulia. Najmuddin alimtazama Ngumbao, akatazama baharini.

Kabla ya masika ya mwaka ule Mejumaa alimwonyesha Ngumbao mahali ambapo makuti yalikuwa yameanza kupitisha mwanga, juu ya karai lake. Akasema mvua ikinyesha kabla hayajabadilishwa, mafuta yatarukia watu. Ngumbao alipanda juu ya nguzo siku hiyo hiyo, na Mejumaa akasimama chini, akimpokeza makuti mapya moja moja, na kumwambia ni wapi bado anaona mbingu.